Namna ya Kuonja na Kupima Wiski ya Mchanganyiko ya Ireland

Wiski nyingi ya Ireland inayouzwa duniani ni ya mchanganyiko, na chupa za Jameson zinazopangwa kwenye rafu za Nairobi, Kampala na Dar es Salaam ni za aina hiyo. Hata hivyo, anayetaka kujifunza kuonja huambiwa mara nyingi aanze na wiski ya kimea kitupu ya kiwanda kimoja, kana kwamba mchanganyiko ni kinywaji cha kusukumia sherehe tu. Mimi naona kinyume chake. Wiski ya mchanganyiko humpima mwonjaji vizuri zaidi, kwa sababu haimpi ladha moja kubwa ya kushikilia. Humtaka atambue jinsi vitu viwili au vitatu vyenye tabia tofauti vilivyounganishwa, na aseme kama mshono unaonekana au hauonekani.

Kilichomo ndani ya chupa

Huwezi kupima muungano bila kujua kilichounganishwa. Sheria ya mwaka 1980, pamoja na masharti ya kina yaliyotolewa mwaka 2014, yanataka wiski ya Ireland ikenekwe, yaani ichemshwe na mvuke wake ugeuzwe tena kuwa kimiminika, na kukomazwa ndani ya kisiwa cha Ireland, iwe upande wa Jamhuri au wa Ireland ya Kaskazini, ikae kwenye mapipa ya mbao kwa muda usiopungua miaka 3, na itiwe kwenye chupa ikiwa na kileo kisichopungua asilimia 40. Ndani ya mipaka hiyo kuna aina tatu za msingi. Ya kwanza ni wiski ya kimea, itokanayo na shayiri iliyooteshwa kisha ikakaushwa, na hukenekwa kwenye vyungu vya shaba. Ya pili ni wiski ya chungu, ambayo ni ya Ireland hasa: nayo hukenekwa kwenye chungu cha shaba, ila humo kimea cha shayiri huchanganywa na shayiri mbichi ambayo haikuoteshwa, kila moja ikiwa angalau asilimia 30 ya nafaka zote. Ya tatu ni wiski ya nafaka, inayotengenezwa zaidi kwa mahindi au ngano katika minara mirefu ya kukenekea ambayo hufanya kazi mfululizo bila kusimamishwa kila awamu. Mchanganyiko ni muungano wa aina mbili kati ya hizi, au zote tatu.

Kila aina ina alama zake mdomoni. Wiski ya nafaka ni nyepesi, tamu kidogo, na huchukua kwa urahisi harufu ya vanila na ya nazi kutoka kwenye mti wa mwaloni. Wiski ya kimea huleta asali, biskuti, na matunda kama tufaha na peasi. Wiski ya chungu huleta uzito: shayiri mbichi huacha hisia ya mafuta mepesi yanayotanda ulimini, pamoja na ukali wa viungo unaokaribia tangawizi, pilipili manga na karafuu. Ukishaweza kutenganisha mambo hayo matatu, yaani utamu mwepesi, matunda yenye asali, na mafuta yenye viungo, sehemu ngumu ya kazi umeimaliza.

Historia ya mchanganyiko huu ina kinaya chake. Mtambo wa mnara uliosajiliwa kwa hataza mwaka 1830 ulikuwa wa Aeneas Coffey, aliyewahi kuwa ofisa wa ushuru nchini Ireland, lakini wakenekaji wakubwa wa Dublin, wakiwamo akina Jameson na akina Power, waliukataa na kushikilia kwamba kinachotoka humo hakistahili kuitwa wiski. Waskoti waliuchukua, wakajenga juu yake biashara yao ya mchanganyiko. Ireland ilibadili msimamo baadaye sana. Mwaka 1966 kampuni za Jameson, Power na Cork Distilleries ziliungana, na mwaka 1975 kikafunguliwa kiwanda kipya cha Midleton, katika jimbo la Cork, chenye vyungu na minara mahali pamoja. Kwa hiyo Jameson ya leo, yenye jina la watu waliopinga mchanganyiko, ni mchanganyiko. Nayataja haya kwa sababu bado wapo wanaoihesabu wiski ya nafaka kuwa kitu cha kuongezea wingi tu, na mwenye dhana hiyo moyoni hawezi kupima kwa haki.

Lebo nayo isomwe kwa tahadhari. Umri ukiandikwa, mathalani miaka 12, huo ni umri wa wiski changa kuliko zote zilizomo, ikiwa ni pamoja na ile ya nafaka, si wastani. Usipoandikwa, jua tu kwamba miaka 3 imetimia. Rangi ni shahidi dhaifu, kwani sheria inaruhusu kutia karameli ili chupa zote zifanane. Neno linaloeleza kwamba wiski imekenekwa mara tatu linaonyesha desturi ya viwanda vingi vya Ireland, lakini si sharti la kisheria na wala si cheti cha ubora.

Maandalizi

Jambo la kwanza ni kuhakikisha kwamba chupa ni halali, maana pombe bandia ipo katika masoko yetu na hakuna faida ya kupima ladha ya kitu kilichojazwa upya uchochoroni. Kwa walio Kenya, stempu ya KRA, mamlaka ya mapato, inaweza kukaguliwa kwa programu ya simu iitwayo Soma Label. Kwa walio Tanzania, mamlaka ya mapato, TRA, ina programu iitwayo Hakiki Stempu. Nunua dukani unapofahamika, angalia kizibo hakijachezewa, kisha endelea.

Pili, usionje wiski moja peke yake. Wiski moja haina cha kulinganishwa nacho, na utaishia kusema kwamba ni laini, neno ambalo waonjaji wa Ireland wanapaswa kulipumzisha kwa miaka kadhaa. Kwa somo hili napendekeza chupa tatu za bei ya kawaida ambazo zimejengwa kwa njia tatu tofauti: Bushmills Original, ambayo ni kimea na nafaka, Jameson ya kawaida, ambayo ni chungu na nafaka, na Tullamore D.E.W., ambayo ina kimea, chungu na nafaka kwa pamoja. Zote huuzwa kwa asilimia 40 katika masoko mengi, kwa hiyo tofauti utakayoikuta haitokani na nguvu ya kileo. Marafiki watatu wakinunua kila mmoja chupa yake, gharama inabebeka.

Glasi iwe nyembamba mdomoni na pana tumboni, kama ile iitwayo Glencairn, ili harufu ikusanyike juu. Usipokuwa nayo, glasi ndogo ya divai inafaa kabisa, lakini bilauri pana ya baa haifai kwa kazi hii kwa sababu harufu hutawanyika kabla ya kufika puani. Zioshe kwa maji ya moto bila sabuni yenye manukato, uziache zikauke zenyewe, kwa kuwa kitambaa cha jikoni huacha harufu ya vitunguu na mafuta. Mimina mililita 15 hadi 20 katika kila glasi. Vijiko vitatu vya chai vinatosha.

Joto la chumba ni suala ambalo miongozo ya Ulaya hulipita haraka, kwa kuwa chumba cha kule huwa na nyuzi 18 au 20. Mombasa au Dar es Salaam mchana wa Februari kileo huruka kwa kasi, hukuchoma pua, na kuifanya wiski nzuri ionekane kali na chafu. Onja asubuhi au katika chumba chenye kiyoyozi, au iweke chupa kwenye jokofu kwa muda mfupi tu ili ishuke kufikia ubaridi wa Limuru au Lushoto, si ubaridi wa soda. Wiski ikiwa baridi kupita kiasi hujifunga, usinuse chochote zaidi ya mbao.

Maji ya kuongezea yasiwe na klorini wala chumvi, jambo linaloondoa maji ya bomba ya mijini na ya visima vingi vya pwani. Maji ya chupa yasiyo na madini mengi yanafaa. Weka pia mkate mkavu au biskuti zisizo na chumvi. Usivute sigara, usipake marashi, na usionje baada ya chakula chenye pilipili. Asiyetaka kileo kimpande awe na kikombe cha kutemea, kama wafanyavyo waonjaji wa kazi, na hakuna aibu yoyote katika kutema.

Mwombe mtu mwingine amimine na aandike majina kwenye vipande vya karatasi chini ya glasi. Jina kwenye chupa, na hasa bei yake, huonja kabla ya ulimi.

Pua

Pua ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi, na hapa ndipo pa kukaa kwa muda mrefu. Usiizungushe wiski kwa nguvu kama divai, kwa sababu utaamsha kileo kwanza. Iinamishe glasi taratibu ilowe kuta zake, kisha iache itulie dakika chache. Matone yanayoteremka ndani ya glasi yanapendeza, lakini yanaeleza zaidi habari za kileo kuliko za ubora, kwa hiyo yatazame ukipenda na usiyape alama.

Fungua mdomo kidogo unapoisogeza pua, ili kileo kipate njia ya kutokea. Anza glasi ikiwa usawa wa kidevu, ipandishe polepole, na usimame pale unapopata harufu ya kwanza bila kuchomwa. Vuta pumzi fupi fupi. Pua huchoka haraka. Ikichoka, nusa mkono wa shati lako au ngozi ya kiwiko, itarudi.

Anza kwa kutafuta makundi, usikimbilie majina. Je, kuna utamu? Ukiwa wa vanila, nazi au kashata, unatokana zaidi na mapipa yaliyowahi kubeba bourbon, wiski ya Marekani, na kwa kawaida wiski ya nafaka huuonyesha kwa uwazi. Ukiwa wa zabibu kavu, tende au halua, fikiria mapipa ya sheri, divai iliyoongezwa kileo, kutoka Hispania. Je, kuna tunda? Tufaha bichi, peasi na ndizi mbivu hutokana na esta, kemikali zenye harufu ya matunda, zinazozaliwa wakati wa kuchachua. Je, kuna viungo? Harufu ya karafuu ina sababu ya kikemia, kwa kuwa mwaloni uliounguzwa hutoa eujenoli, ambayo ndiyo harufu kuu ya karafuu yenyewe. Mtu aliyekulia Pemba ataitambua kabla ya mtaalamu wa Dublin. Moshi usiutarajie sana. Wiski nyingi za Ireland hukaushiwa kimea chake bila moshi wa mboji, yaani udongo wa mimea iliyooza unaochomwa kama kuni, ingawa zipo chache zinazoutumia.

Kisha uliza swali ambalo ni la mchanganyiko peke yake: je, harufu hizi zinakuja pamoja, au zinapokezana? Katika mchanganyiko uliofanywa kwa haraka utapata kwanza vanila nyepesi inayoelea juu, kisha, kama umeiacha glasi dakika kumi, vanila inaondoka na chini yake unakuta kitu kingine kisichohusiana nayo, mara nyingi harufu ya nafaka mbichi au ya spiriti ya hospitali. Katika uliofanywa vizuri vanila haiondoki; hugeuka polepole kuwa asali, asali ikawa tufaha lililopikwa, na huwezi kuonyesha mahali zilipobadilishana. Kwa sababu hiyo rudi kwenye kila glasi mara kadhaa, na uandike kilichobadilika, si kilichokuwapo tu.

Jaribio moja dogo la mkononi linasaidia. Dondosha tone moja kwenye kiganja, sugua viganja viwili mpaka vikauke, kisha nusa. Kileo kimeruka, na kilichobaki ni nafaka na mbao. Kwa Bushmills mara nyingi hubaki biskuti na asali. Kwa Jameson hubaki kitu kinachokaribia mafuta ya mbegu na viungo, ambacho ni alama ya chungu.

Ulimi

Tone la kwanza si la kuhukumia. Linauzoesha mdomo kileo, na hukumu yoyote itakayotolewa hapo itakuwa hukumu ya kileo. La pili lishike mdomoni kwa sekunde kumi au zaidi, ulizungushe mpaka chini ya ulimi na kwenye fizi, kana kwamba unatafuna, ndipo umeze au uteme.

Angalia nyakati tatu. Mwanzoni mwa mchanganyiko mara nyingi ni nafaka inayopokea: utamu, vanila, ulaini. Katikati ndipo penye mtihani. Utamu wa mwanzo ukipungua, kitu kingine lazima kiwe kimeshafika kuchukua nafasi, ama viungo na mafuta ya chungu, ama matunda na asali ya kimea. Pasipo na kitu utasikia pengo, mdomo ukabaki na majimaji yenye kileo kwa nusu sekunde kabla ya mbao kujitokeza mwishoni. Pengo hilo ndilo mshono, na ndilo kosa la kawaida kuliko yote katika wiski za mchanganyiko za bei ya chini. Mwishoni, baada ya kumeza, hesabu ni muda gani ladha inadumu na, muhimu zaidi, inaishia kwenye nini. Mwisho mfupi na safi ni bora kuliko mrefu unaoishia kwenye uchungu wa mbao uliokaza fizi.

Ukizipitia zile glasi tatu kwa namna hii, tofauti za ujenzi zitajitokeza. Bushmills Original huingia kwa wepesi na kukaa kwenye matunda na asali, bila ukali mwingi wa viungo. Jameson hupanda katikati, pale chungu kinapoingia na viungo vyake, na mafuta yake hubaki midomoni. Tullamore D.E.W. hukaa kati ya hizo mbili, na katika kujaribu kubeba aina zote tatu huwa vigumu zaidi kuisoma. Ndiyo ninayoitumia kumjua mwonjaji aliyekwisha kukomaa. Ukitaka kusonga mbele, Powers Gold Label itakuonyesha chungu kikipewa nafasi kubwa, Black Bush itakuonyesha kimea kingi kilichokomaa kwenye mapipa ya sheri, na Writers' Tears ni muungano wa chungu na kimea bila nafaka kabisa, jambo linalokusaidia kujua nafaka ilikuwa inafanya nini katika nyingine zote.

Maji

Ongeza maji kwa matone, kwa mrija au kijiko, ukinusa kila mara. Watafiti wa Uswidi, Björn Karlsson na Ran Friedman, walionyesha mwaka 2017 kwa hesabu za kompyuta kwamba gwayakoli, mojawapo ya molekuli zenye harufu katika wiski, huelekea kukaa karibu na uso wa kinywaji kileo kinapokuwa cha kiwango cha chini, na huzama ndani kileo kinapokuwa kikali sana. Kwa hiyo maji yana kazi zaidi ya kupoza ukali.

Kwa mchanganyiko, maji ni kama kuugeuza mshono upande wa ndani. Ukitia mililita 20 za maji kwenye mililita 20 za wiski ya asilimia 40, utapata asilimia 20, kiwango ambacho wachanganyaji wengi wa viwandani hukitumia wanaponusa sampuli, kwa sababu hakuna dosari inayojificha hapo. Wiski iliyoshikamana hubaki na umbo lake, ikawa dogo tu. Iliyoungwa vibaya husambaratika: nafaka inakuwa maji matamu, na mbao inabaki peke yake.

Ukiona ukungu baada ya kutia maji, usiogope. Ni esta na asidi za mafuta zinazojitenga kileo kinapopungua. Wiski nyingi za asilimia 40 huchujwa zikiwa baridi ili jambo hilo lisitokee, na baadhi ya watengenezaji, kama Teeling kwa Small Batch yao, hutia kwenye chupa kwa asilimia 46 bila mchujo huo, na mdomo huipata tofauti hiyo kama unene.

Barafu iache kwa siku nyingine. Lakini kwa kuwa wengi wetu hunywa wiski ya mchanganyiko na soda ya tangawizi na ndimu, ni haki kuipima hivyo pia, kipimo kimoja cha wiski kwa viwili vya soda, ukiuliza kama bado unaitambua. Nyepesi mno hupotea humo. Hilo si kosa la soda.

Dosari na alama

Dosari chache ni za kukariri. Kiberiti kilichowashwa au mpira ni salfa, ambayo huja hasa na mapipa ya sheri yaliyotunzwa kwa kufukizwa salfa. Kadibodi iliyolowa na ngozi yenye jasho huashiria mkenekaji aliyechelewa kukata sehemu ya mwisho ya mkeneko. Rangi ya kucha ni esta iliyozidi. Unga mbichi ni uchanga, hasa wa nafaka iliyokaa miaka 3 na siku chache. Harufu ya stoo yenye unyevu yaweza kuwa kizibo kibovu, na hapo chupa ndiyo yenye kasoro, si wiski. Fungua nyingine kabla ya kuandika neno.

Kwa alama, sipendi mia. Hakuna pua inayoweza kutetea tofauti ya 86 na 87. Tumia 20: harufu 5, ulimi 5, mwisho 4, na uwiano 6. Uwiano upewe nyingi kwa sababu ndiyo kazi ambayo mchanganyaji amelipwa kuifanya. Kimea kizuri angeweza kukinunua. Andika sababu kando ya kila alama kwa maneno ya vitu unavyovijua. Mwonjaji wa Tanga akiandika blakiberi ambayo hajawahi kuila, anaazima pua ya mtu mwingine. Aandike zambarau, kunazi au ubuyu, kama ndicho anachokipata.

Funua majina baada ya wote kumaliza kuandika. Bei iingie hapo tu, kama swali la pekee: je, tofauti ya alama inalingana na tofauti ya fedha? Kisha ziweke chupa zikiwa zimesimama wima, mbali na jua, kwa sababu kileo hula kizibo kikilala. Chupa iliyobaki robo hubadilika kwa hewa iliyomo, na mchanganyiko mwepesi hupoteza matunda yake kwanza. Inywe ndani ya miezi michache, au uhamishie wiski iliyobaki kwenye chupa ndogo inayojaa hadi shingoni kama unataka kuilinganisha tena.